Mjadala: Injini ikipinga kafara ya grandmasta, alama ya "!!" ifutwe?

Diagonali (mleta mada)

Naleta hoja hii, na naomba tuijadili kwa mistari ya hatua, tuweke kando heshima ya majina. Michezo mingi ya magrandmasta tunayofundishia sataranji ilichambuliwa kabla programu hazijawa na nguvu. Mchambuzi aliona kafara (kete iliyotolewa makusudi) imeshinda, akaipa "!!", yaani hatua ya ajabu kwa ubora, na alama hiyo ikanakiliwa kitabu hadi kitabu. Leo Stockfish, injini (programu ya kuchambua sataranji) ya bure, inaonyesha kwamba baadhi ya kafara hizo zina jibu. Msimamo wangu: kafara inayovunjika mbele ya ulinzi sahihi ivuliwe alama yake kila mchezo unapochapishwa upya au kuingizwa kwenye somo. Anayejifunza taktiki anajijengea kumbukumbu ya mifumo. Tukimpa mfumo mbovu uliopambwa, ataurudia ubaoni.

Mfano: Kasparov dhidi ya Topalov, Wijk aan Zee, 1999. Kasparov alicheza 24.Rxd4 (R ni ngome, K mfalme, Q malkia, B askofu, N farasi; x ni kula, + ni cheki, nukta tatu ni hatua ya Mweusi), Topalov akala kwa 24...cxd4, na baada ya 25.Re7+ mfalme wake akaburutwa kutoka a7 hadi upande wa pili wa ubao. Lakini 24...Kb6 inaikataa zawadi. Inafuata 25.Nb3 Bxd5 26.Qxd6+ Rxd6, malkia wote wawili wametoka, mchezo uko sawa. Ikiwa jibu la hatua moja ya mfalme linarudisha usawa, "!!" ni ya nini?

NgomeYaSaba

Ndugu Diagonali, mstari wako ni sahihi ila swali uliloiuliza injini ni nusu tu. Umeuliza: baada ya 24.Rxd4, Mweusi anaweza kujiokoa? Hukuuliza: kabla ya 24.Rxd4, Mweupe alikuwa na nini kingine? Weka nafasi hiyo kabla ya kafara, fungua MultiPV (idadi ya mistari bora inayoonyeshwa) kwenye 4, uache injini ifanye kazi kwa dakika kadhaa. Kama hatua nyingine bora nazo zinaishia kwenye usawa, basi kafara haikumgharimu Mweupe chochote, na imempa mpinzani njia nyembamba ya kupita. Kafara ya namna hiyo iko mbali kabisa na ile inayotupa faida iliyokuwa mkononi. Hizo mbili kwako zimepewa hukumu moja.

Tena tazama urefu wa hesabu. Mwindaji wa mwisho katika mchezo ule ni 36.Bf1, askofu anayerudi nyuma kumshambulia malkia wa c4. Akiliwa, 36...Qxf1, inakuja 37.Qc2+ Ke1 38.Re7+ na mfalme amekwisha. Kutoka 24.Rxd4 hadi 36.Bf1 ni nusu-hatua 25, yaani kila upande ukicheza inahesabiwa moja. Programu inapoonyesha "kina 25" haimaanishi kwamba imepita matawi yote ya urefu huo, maana mengi imeyapogoa njiani. Kwa binadamu mwenye saa inayokimbia, kuiona njia hiyo ndiko kunakolipwa na alama.

Kina_40

Kabla hatujafika kwenye alama, tuzungumzie ubora wa hizo "hukumu za injini" zinazoletwa mezani. Nyingi hazifai hata kujadiliwa, na sababu zake ni zilezile.

Ya kwanza, mtu anabandika FEN (mstari wa maandishi unaoeleza nafasi ya ubao) yenye kasoro. Sehemu ya haki za kujihifadhi mfalme imeachwa "KQkq" wakati mfalme alishasogea, au zamu ya kucheza imegeuzwa. Injini inachambua nafasi ambayo haikuwahi kutokea. Ukipakia PGN nzima (faili ya hatua zote za mchezo) na kutembea hadi kwenye hatua husika, tatizo hili halipo, na zaidi ya hapo programu inajua ni nafasi zipi zimeshajirudia.

Ya pili, uchambuzi unafanyika kwenye kivinjari cha simu kwa sekunde 10, kisha namba ya kwanza inachukuliwa kama hukumu. Kwenye kompyuta, toa nyuzi (kazi zinazokwenda sambamba) sawa na idadi ya viini vya prosesa ukibakiza kimoja, na upe hashi (kumbukumbu ya injini) MB 2048 au 4096 kama RAM inaruhusu. Hashi ndogo ikijaa, injini inafuta ilichokwisha kukihesabu na kurudia kazi. Halafu usiangalie namba pekee. Angalia kama imetulia. Ikisoma +0.40 kwenye kina 22, +1.90 kwenye kina 27 na +0.60 kwenye kina 30, hujapata jibu bado. Na ukitumia nyuzi nyingi, mara mbili za uchambuzi wa nafasi ileile zinaweza kutofautiana kidogo. Hiyo ni tabia ya utafutaji sambamba, programu yako haijaharibika.

Ya tatu ndiyo nzito: kupogoa. Injini inafika mbali kwa sababu inakata mapema matawi yasiyo na dalili. Mbinu mojawapo ni "hatua tupu": inajifanya imeruhusu mpinzani acheze mara mbili mfululizo, na ikiwa bado iko vizuri, inalikata tawi. Kwenye zugzwang (nafasi ambayo kila hatua inakuumiza) dhana hiyo inaanguka, kwa kuwa pale kupitisha zamu kungekuwa faida. Mbinu nyingine inapunguza kina cha hatua zilizo mwisho wa orodha. Kafara tulivu, isiyo na cheki wala kula kete, mara nyingi inakaa huko mwisho.

Mfano mzuri ni Topalov dhidi ya Shirov, Linares, 1998. Mweupe: Kg1, Bc3, askari g2 na h4. Mweusi: Ke6, Bf5, askari a4, d5, f6, g6. Shirov alicheza 47...Bh3!!, askofu mzima akaachwa mdomoni mwa askari. Mwisho wa maaskofu wa rangi tofauti hujulikana kwa sare, na programu za miaka ile zilipita juu ya hatua hii bila kuiona. Sababu yake ni mraba wa f5. Askofu ameukalia, na mfalme wake anauhitaji kufika e4. Akimwondoa taratibu, mfalme wa Mweupe anatoka kupitia f2, anafika e3 na kufunga njia kwenye miraba ya giza. Kwa 47...Bh3 anauacha mraba huku akimtishia askari wa g2, kwa hiyo Mweupe hana nafasi ya kukimbia: 48.gxh3 Kf5 49.Kf2 Ke4, Mweusi amewahi. Askari wa a na d wanakwenda, na askofu mmoja hawezi kuzuia wote wawili. Asipokula, 48.Kf2 Kf5 49.Kf3 Bxg2+ 50.Kxg2 Ke4, mfalme yuko palepale.

Stockfish za sasa zinaipata ukizipa muda. Lakini mtu angeitolea hukumu hatua hiyo kwa programu ya 1998, angeifuta "!!" iliyo halali kabisa. Ndiyo sababu nakataa neno "hukumu ya mwisho". Ni hukumu ya toleo fulani, kwa kina fulani, na mchambuzi anatakiwa aandike vyote viwili kando ya namba.

Diagonali

Nakubali sharti la kuandika toleo na kina, na hoja ya NgomeYaSaba kuhusu kupima kabla na baada naichukua. Lakini tusijifiche nyuma ya programu za zamani. Kafara zilizo sahihi zinapita mtihani wa leo bila shida. Donald Byrne dhidi ya Fischer, New York, 1956: 17...Be6, Fischer akiwa na miaka 13 anamwacha malkia aliwe. Mweupe akikataa kwa 18.Bxe6, kuna 18...Qb5+ 19.Kg1 Ne2+ 20.Kf1 Ng3+ 21.Kg1 Qf1+ 22.Rxf1 Ne2, chekimeti ya farasi, mfalme kabanwa na ngome yake mwenyewe. Akikubali kwa 18.Bxb6, farasi wa Mweusi anavuna kwa cheki za kufunua na kurudi na vitu vya kutosha kuzidi malkia. Injini yoyote ya leo inaikubali mara moja. Kama dhahabu hii inapita kwenye moto, kwa nini zile zisizopita zilindwe?

Mwalimu_wa_b4

Kwa sababu, mwenzangu, darasani kazi ya alama ni kumwambia mwanafunzi "simama hapa, fikiri". Hilo ndilo nalopigania, na hapo injini inaharibu zaidi kuliko alama ya zamani. Mwanafunzi akifungua mchezo huku injini inawaka, mshale unaonyesha 17...Be6 kabla hajajiuliza malkia wa b6 anashambuliwa na nani. Jicho limeona jibu, ila hesabu ya matawi ambayo angepaswa kuifanya haikufanyika, na mashindanoni hakuna mshale.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Zima injini. Funika hatua kutoka pale kafara ilipotolewa. Mpe mwanafunzi dakika 15 hadi 20 kwa nafasi moja, aandike kwa mkono hatua tatu anazozifikiria, mstari mkuu wa kila moja, na neno moja la tathmini mwishoni: nashinda, sawa, au napoteza. Hilo neno la mwisho ni la lazima, bila hilo hana cha kusahihishwa. Kisha aendelee na mchezo ulivyochezwa, alinganishe. Injini inakuja hatua ya tatu, na hata hapo haianzi kwenye nafasi ya kafara. Inaanzia mwisho wa mstari na kurudi nyuma hatua moja moja, bila kufuta hashi, ili matokeo ya mbele yawe tayari kwenye kumbukumbu injini inapofika kwenye nafasi ngumu. Kwenye mistari mirefu njia hii huona mambo ambayo kukaa tu kwenye nafasi ya mwanzo kunayachelewesha.

Na kazi iliyo na faida kubwa kuliko zote: ingiza hatua mbaya. Mwanafunzi alidhani 25.Re7+ inaweza kuliwa kwa 25...Qxe7? Mwambie aicheze, aone 26.Qxd4+ Kb8 27.Qb6+ Bb7 28.Nc6+ Ka8 29.Qa7, chekimeti. Injini haionyeshi mstari huo yenyewe, kwa kuwa inaonyesha kilicho bora tu, na mpinzani bora halili. Uzuri wote wa kombinesheni umo kwenye matawi ambayo injini iliyaruka.

Leela_na_wenzake

Naongeza kuhusu namba yenyewe. Tangu Stockfish 15.1, mwishoni mwa 2022, +1.00 haimaanishi tena askari mmoja mbele. Imepimwa upya ili iwe sawa na uwezekano wa asilimia 50 wa kushinda, injini ikicheza na yenyewe. Kwa hiyo anayelinganisha namba ya leo na ya uchambuzi wa 2010 analinganisha vipimo viwili tofauti. Washa WDL kwenye mipangilio upate kushinda, sare na kushindwa kwa elfu. Kafara inayosoma 0.00 inaweza kuwa sare ya cheki za kudumu, inaweza kuwa ulinzi uliofungwa usiopenyeka, au vita ambavyo kila upande una hatua moja tu ya kujiokoa mara sita mfululizo. Namba ni ileile kwa zote tatu.

Pia tumia programu mbili zenye akili tofauti. Stockfish hupekua matawi kwa mamilioni. Lc0 (Leela Chess Zero) hupitia nafasi chache zaidi na kuegemea mtandao wa neva, na inahitaji kadi ya picha yenye nguvu. Lc0 huelewa mapema fidia ya muda mrefu, askari aliyetolewa kwa ajili ya shinikizo, ila ikipewa nafasi chache inaweza kupitwa na taktiki fupi yenye hatua ya ajabu. Zikikubaliana, endelea. Zikipingana, hapo ndipo pa kuchimba, na kwa kawaida ndipo penye somo.

Mraba_wa_giza

Kuna matumizi mengine ya uchambuzi huu yanayonikera: kuhesabu asilimia ya hatua za mchezaji zinazolingana na injini, kisha kumtuhumu kwamba alisaidiwa. Kwenye kombinesheni yenye cheki mfululizo, hatua nyingi ni za lazima na kila mtu angezicheza. Tena ukilinganisha na injini kumi kwa vina tofauti, karibu kila hatua nzuri itapata moja ya kukubaliana nayo. Asilimia kubwa ya namna hiyo haithibitishi kitu.

Diagonali

Hilo ni mada yake, na nakuunga mkono. Nirudi kwenye hoja nikiwa nimeirekebisha: alama ya kihistoria ibaki, na kando yake iwekwe alama ya pili ya injini pamoja na toleo, kina na hatua ya kuokoa. Kwa Kasparov: "24.Rxd4!! (24...Kb6!, sawa)".

NgomeYaSaba

Afadhali, lakini bado hujatatua kesi ngumu. Botvinnik dhidi ya Tal, mchezo wa sita wa ubingwa wa dunia, 1960. Tal alitoa farasi kwa 21...Nf4, na baadaye alipocheza 24...f3 Botvinnik alikula malkia mara moja kwa 25.Rxb2 na kupoteza. Jibu lilikuwa 25.Bxf3, na wachambuzi waliligundua bila kompyuta yoyote. Mahali pa alama yako ya pili ni wapi: kwenye 21, ambapo farasi alitolewa, au kwenye 24, ambapo ndipo jibu linapoonekana? Ukiiweka kwenye 21 unamwambia msomaji wazo zima ni bovu. Pitia kwanza 23...Be5 badala ya 23...Qxb2 aliyoicheza Tal, kwa MultiPV 3 na kwa kurudi nyuma kama Mwalimu alivyoeleza, kisha tuletee ulichopata pamoja na toleo na kina.