Mdogo wangu ana fangasi wa ubongo, mbona wanamcheleweshea ARV?

BintiUyole

Habarini za jioni. Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi ya wanaume, simu imebaki asilimia 11, mnisamehe nikikatika.

Mdogo wangu ana miaka 34, ni utingo wa malori ya Tunduma. Alianza kuumwa kichwa mwishoni mwa mwezi juzi. Zahanati wakasema malaria, akameza mseto. Kichwa hakikuachia. Wakasema malaria sugu, akachomwa sindano. Wiki ya tatu akaanza kuona watu wawiliwawili na kuniita kwa jina la marehemu mama. Ndipo tukamleta huku. Kupima, ana VVU na CD4, zile chembe za kinga, ni 22. Wakatoa maji ya mgongoni, wakasema ni homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi, kriptokoka.

Siku zote tunaambiwa ukikutwa nayo leo, dawa unaanza leo. Huyu mwenye CD4 22 ndiye wanasema asubiri wiki nne mpaka sita! Daktari mmoja kijana kaniambia kinga ikiamka ghafla itamuumiza ubongo. Imuumize vipi wakati shida yake ni kwamba kinga hana?

Halafu wamemchoma ile sindano ya mgongo mara tatu ndani ya siku sita. Shangazi anasema ya nne hasaini, maana kwao kila aliyechomwa hiyo hakurudi nyumbani.

Mzee_wa_Kazi

Hao wanamfanyia majaribio. Sera ni pima na tibu tangu 2016. Mhamishe kesho asubuhi akaanze dozi.

MamaNesi

Mzee wa Kazi, sera umeisoma nusu. Mwenye homa ya uti wa mgongo ya aina hii anasubiri, na imeandikwa hivyo hivyo kwenye miongozo.

Binti, usimhamishe. Nimekaa wodini miaka 31 kabla ya kustaafu, na nimewahudumia wa aina hii enzi za kuwahisha na enzi za kusubirisha. Zamani tuliwaanzishia ARV mapema kwa nia njema kabisa. Mtu anapata nafuu, anakunywa uji, anaomba wembe anyoe ndevu. Wiki mbili tatu baadaye unaingia zamu ya usiku unamkuta kichwa kimerudi, degedege, hajitambui. Tulikuwa tunasema fangasi kashinda dawa. Kumbe wengine walikuwa wanaumizwa na kinga yao wenyewe iliyokuwa inarudi.

Huyo fangasi anaishi kwenye udongo na kinyesi cha njiwa. Tunamvuta kwa pumzi na mwili unamdhibiti humo humo mapafuni bila sisi kujua. CD4 zikiisha, anasafiri mpaka kichwani. Amejivika ganda la utelezi, fikiria bamia iliyoiva, ambalo linafanya chembe za kinga zishindwe kummeza. Ubongo una walinzi wake wa kudumu, wanaitwa mikroglia, lakini hawafanyi kazi ipasavyo bila kuhimizwa na CD4. Zikiwa 22, hakuna wa kuwahimiza. Fangasi wanajaa kimya kimya. Ndiyo maana maji ya mgongo yanaweza kutoka maangavu kama ya dukani, na ndani yake fangasi ni tele, ila chembe nyeupe za kinga ni mbili tatu tu. Hata shingo mara nyingi haikakamai, kwa sababu wa kupigana hayupo, na ule mkakamao unaletwa na mapigano.

Sasa mpe ARV leo. Virusi vinashuka haraka, CD4 zinaanza kurudi, zinakuta kichwa kimejaa adui. Zinamwaga kemikali za kuitana, chembe nyingine zinakuja mbio, mishipa ya damu inavuja, ubongo unavimba. Mguu ukivimba utavua kiatu. Fuvu halivuliwi.

Mambo haya yalipimwa Kampala, Mbarara na Cape Town kwa wagonjwa 177, majibu yakatoka 2014. Walioanza ARV ndani ya wiki moja au mbili, walifariki 40 kati ya 88 kufikia wiki ya 26. Waliosubiri kama wiki tano, 27 kati ya 89. Na walioathirika zaidi na kuwahishwa ni wale ambao maji yao ya mgongo yalikuwa na chembe nyeupe chini ya tano. Muulize daktari za mdogo wako zilikuwa ngapi.

Hizo wiki hakai bure. Fangasi wanauawa kwanza: dripu ya amfoterisini, vidonge vya flusitosini na flukonazoli.

Kuhusu sindano, mpe shangazi simu asome mwenyewe. Yale magamba ya utelezi yanaziba njia ambazo maji ya ubongo hupitia kurudi kwenye damu. Maji yanazalishwa, hayatoki, presha inapanda, mishipa inayoendesha macho inabanwa. Kuona wawiliwawili kunatokea hapo. Sisi tulikuwa hatuna kipimo cha maana, tulishika mpira wa dripu kando ya rula. Ikipita sentimita 25 tunatoa maji mpaka ishuke. Nimeona mtu aliyekuwa anagonga kichwa ukutani akapitiwa na usingizi kabla sijamaliza kukusanya vifaa. Wale wa kwao shangazi walifika hospitali wameshachelewa, sindano ikabebeshwa lawama.

Kipanga88

Shikamoo Mama Nesi. Kama tatizo ni uvimbe, si wampe deksamethasoni waanze ARV mara moja? Mjomba wangu alikuwa na TB ya ubongo, alipewa hiyo tangu siku ya kwanza.

MamaNesi

Marahaba. Hata madaktari walifikiri hivyo. Kwa TB ya ubongo, utafiti wa Vietnam wa 2004 ulionyesha deksamethasoni inapunguza vifo, maana pale uharibifu mkubwa unaletwa na uvimbe wenyewe. Wakaijaribu kwa kriptokoka, nchi sita, Uganda na Malawi zikiwemo. Ilibidi wasimamishe kabla ya wakati: fangasi walikufa polepole zaidi na waliobaki na ulemavu waliongezeka. Ukimfunga mikono askari mmoja aliyebaki, mwizi anafurahi. Matokeo yalitolewa 2016, na tangu hapo haitolewi kwa kila mtu.

NimeshaPita

Dada, mimi nilisubiri wiki tano, mwaka 2019. Nilianza ARV nikiwa nimepona, natembea, nimerudi dukani. Mwezi wa pili kichwa kikarudi vile vile, mpaka nikaziba dirisha kwa kanga kwa sababu ya mwanga. Nikajua nimekwisha. Nikaacha ARV mwenyewe siku nne, kosa kubwa.

Hospitali wakatoa maji tena, wakayaotesha, hakuna fangasi hai hata mmoja. Nikauliza, sasa naumwa nini? Wakasema ni mabaki: fangasi wamekufa ila magamba yao bado yamo, na CD4 zangu ndiyo kwanza zimeyaona. Yaani kinga ilikuwa inapigana na maiti. Walishusha presha kwa sindano mbili, safari hiyo wakanipa na vidonge vya kutuliza uvimbe, wakanirudisha kwenye ARV. Kusubiri kunapunguza hatari ila hakuiondoi, mwambie mapema asije akatishika kama mimi. Sikio la kushoto halijarudi sawa. Duka lipo.

BintiUyole

Nimepata chaji kwa mlinzi. Mama Nesi, shikamoo, nimeuliza: chembe nyeupe 3. Daktari kashangaa nimejuaje kuuliza.

Shangazi kasoma yote, kisha kauliza hiyo rula ni ya shule au ya fundi seremala. Kasaini. Presha ilikuwa 34, wakatoa maji ikashuka hadi 17. Mdogo wangu kaniita kwa jina langu, halafu kaomba soda.

ARV wamesema wiki ya tano, itaangukia tarehe 19. Kichwa kikirudi baada ya hapo nifanye nini?

MamaNesi

Marahaba mwanangu. Unamrudisha hapo hapo siku hiyo hiyo, si zahanati, na usikubali malaria ya tatu bila kipimo. ARV asiache. Flukonazoli naye asiache hata akijisikia mzima, hiyo ataendelea nayo muda mrefu.

Na nyumbani, mkewe kama anaye, apimwe. Akikutwa nayo na CD4 ziko chini ya 200, waombe kipimo cha damu kinachoitwa CrAg. Kinamwona fangasi huyu kwenye damu kabla kichwa hakijaanza kuuma.

BintiUyole

Anaye. Yuko Vwawa, ana mtoto wa miezi minane. Nampigia sasa hivi.