Majaribio matatu ya kano ya goti yanaonekana kupingana: nimweleze nini mgonjwa?

Tabibu_wa_Viungo aliuliza:

Wanajukwaa, salamu. Ninafanya kazi ya fiziotherapia, na wengi wa wagonjwa wangu ni vijana waliokatika kano ya mbele ya msalaba ndani ya goti, ile inayouzuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele. Wiki hii nina mgonjwa mwenye umri wa miaka 26, anayecheza mpira kwa kujifurahisha, aliyeumia wiki tatu zilizopita. Uvimbe umeanza kupungua, lakini nikimlaza chali na kumwomba ainue mguu ukiwa umenyooka, goti hujikunja kidogo kabla kisigino hakijaachana na kitanda, kwa sababu msuli wa mbele ya paja bado umelala. Swali lake ni moja tu: apasuliwe sasa na kupandikizwa kano, au afanye mazoezi kwanza?

Nimesoma majaribio matatu ambayo washiriki wake waligawanywa kwa nasibu, nami nimebaki njia panda. Jaribio la KANON la Uswidi, lililochapishwa mwaka 2010, liliwafuata vijana 121 kwa miaka miwili na halikuona tofauti kati ya waliopasuliwa mapema na wale waliofanya mazoezi kwanza huku upasuaji ukiwekwa akiba. Jaribio la COMPARE la Uholanzi, la mwaka 2021, lililokuwa na watu 167, liliona tofauti ndogo iliyoegemea upasuaji wa mapema. Kisha jaribio la ACL SNNAP la Uingereza, la mwaka 2022, lililokuwa na watu 316, likasema kwamba walioanza na upasuaji walikuwa na hali bora zaidi. Mwenzangu mmoja kazini anasema KANON imethibitisha kwamba upasuaji hauna kazi. Mwingine anasema kwa kuwa nusu ya watu wa mazoezi waliishia kupasuliwa, basi mazoezi yameshindwa. Naomba msaada wa kuzisoma tafiti hizi kwa haki, kwani kijana huyu atarudi kwangu keshokutwa.

Msomaji_wa_Tafiti alijibu:

Ndugu Tabibu, asante kwa swali hili, maana wengi wetu hulikwepa. Nionavyo mimi, wenzako wote wawili wanakosea mahali pamoja: wanadhani KANON ililinganisha upasuaji na mazoezi. Haikufanya hivyo. Makundi yote mawili yalifanya mazoezi, tena mazoezi yaliyopangwa na kusimamiwa. Kilicholinganishwa ni njia mbili za kuamua. Katika kundi la kwanza, lenye watu 62, uamuzi ulikatwa mapema kwamba watapandikizwa kano ndani ya wiki 10 tangu kuumia. Katika kundi la pili, lenye watu 59, uamuzi uliahirishwa: fanya mazoezi, na goti lako likiendelea kuachia, yaani kulegea ghafla na kushindwa kukubeba, mlango wa upasuaji uko wazi.

Ukishaliona jambo hilo, ile hesabu ya waliohama kutoka mazoezi kwenda upasuaji inabadilika sura. Katika miaka miwili, watu 23 kati ya wale 59 walikuwa wamepandikizwa kano, na kufikia mwaka wa tano walikuwa 30, yaani asilimia 51. Hao hawakuvunja utaratibu wa jaribio, kwa sababu kuhama kulikuwa sehemu ya njia yenyewe. Kwa hiyo mtu hawezi kusema kwamba mazoezi yameshindwa kwa sababu nusu walipasuliwa, kama ambavyo hawezi kusema kwamba upasuaji hauna kazi wakati nusu ya kundi la pili waliuhitaji. Linaloweza kusemwa ni kwamba kusubiri na kuamua baadaye hakukuwagharimu vijana wale, wakichukuliwa kwa jumla, alama zozote za maana: kundi moja lilipanda kwa wastani wa alama 39.2 na jingine 39.4 katika KOOS4, dodoso la hali ya goti lenye alama 100, ambapo alama nyingi ni hali nzuri.

Nakuomba pia ujihadhari na kishawishi kimoja, ambacho mimi mwenyewe niliwahi kukiangukia. Baada ya kuona kwamba watu 36 walikaa miaka miwili bila kupasuliwa, akili hutaka kuwatoa na kuwalinganisha na waliopasuliwa. Usifanye hivyo. Mgawanyo wa nasibu ulihakikisha kwamba makundi yanafanana siku ya kwanza tu. Waliobaki bila kupasuliwa wamejichuja wenyewe, pengine kwa kuwa magoti yao yalikuwa imara zaidi, au kazi zao hazikuwadai kugeuka ghafla kwa mguu mmoja. Ndiyo maana watafiti humhesabu kila mtu katika kundi alilopangiwa, hata kama tiba aliyoipata mwishoni ni nyingine.

Daktari_wa_Mifupa alijibu:

Nakubaliana na Msomaji kwa sehemu kubwa, ila sipendi SNNAP ipitwe harakaharaka, kwa kuwa mimi ndiye ninayewapokea wagonjwa wa namna hiyo. Waliochukuliwa KANON walikuwa na umri wa miaka 18 hadi 35, walikuwa wameumia si zaidi ya wiki nne kabla, na hawakuwa wanamichezo wa kulipwa. Wale wa SNNAP, kutoka hospitali 29, walikuwa na jeraha la muda mrefu na goti linaloendelea kuachia. Hao ni watu wengine kabisa. Mtu ambaye miezi mingi baada ya kuumia bado goti lake linamtupa anapokata kona amekwisha kuonyesha kwamba misuli yake peke yake haikulibeba goti hilo, na mimi sishangai kwamba katika miezi 18 walioanza na upasuaji walifikia alama 73.0 ilhali walioanza na mazoezi walifikia 64.6. Hata hivyo, kumbukeni kwamba huko nako asilimia 41 ya walioanza na mazoezi walipasuliwa baadaye, na kwamba si wote waliopangiwa upasuaji walioupata: ni asilimia 72.

Kwa hiyo majaribio ya KANON na SNNAP hayapingani kama kichwa cha swali kinavyodokeza. Yanajibu maswali mawili yaliyo mbali kwa wakati: moja linahusu goti la wiki tatu, jingine goti la miezi mingi.

Ninaongeza jambo la kliniki ambalo hakuna wastani unaoweza kulifuta. Kabla ya kumwambia kijana asubiri, mchunguze kama goti linanyooka hadi mwisho. Meniskasi, yaani mto mdogo ulio kati ya mifupa ya goti, iliyochanika ikajipinda na kukwama katikati ya kiungo hulizuia goti kunyooka, na mgonjwa huyo hasubiri miezi mitatu ya mazoezi. Vilevile, kila mara goti linapoachia, meniskasi na gegedu huweza kuumia upya; kwa hiyo kusubiri maana yake ni kufuatilia kwa karibu, huku mgonjwa akikaa mbali na michezo ya kugeuka ghafla. Nimewaona wengi waliosubiri wakiwa bado uwanjani, na magoti yao niliyakuta yameharibika kuliko siku walipoumia.

Mpima_Takwimu alijibu:

Mimi nitagusa vipimo tu. KOOS ina sehemu tano, nayo KOOS4 ni wastani wa sehemu nne kati ya hizo: maumivu, dalili, uwezo wa michezo na ubora wa maisha. Sehemu ya shughuli za kila siku imeachwa makusudi, kwa kuwa vijana waliokatika kano hii kwa kawaida hawapati shida kubwa ya kutembea wala kuvaa soksi, na kuiingiza kungeficha tofauti iliyopo kwenye michezo. Ni uamuzi mzuri, lakini nawaomba mtambue kwamba alama zote hizi hutokana na majibu ya mgonjwa mwenyewe, ambaye anajua kama amepasuliwa au la. Katika majaribio ya namna hii hakuna anayeweza kufichwa kundi lake. Anayesubiri upasuaji huku akiamini kwamba tiba ya kweli bado hajaipata anaweza kujipa alama za chini, na aliyepasuliwa anaweza kujipa za juu kwa matumaini. Sisemi kwamba tofauti ya SNNAP imetokana na hilo. Nasema kwamba jaribio lenyewe haliwezi kututenganishia mambo hayo mawili.

Angalieni pia ukubwa wa tofauti. Katika SNNAP, baada ya kurekebishwa, ilikuwa alama 7.9, na mipaka ya uhakika, yaani masafa ambamo tofauti ya kweli inakadiriwa kuwamo, ilianzia 2.5 hadi 13.2. Katika COMPARE ilikuwa alama 5.3 kwa dodoso jingine la goti, la IKDC, na mipaka yake ilianzia 0.6 hadi 9.9. Ncha ya chini ya mipaka yote miwili ni tofauti ambayo mgonjwa huenda asiihisi kabisa, na ncha ya juu ni tofauti ambayo angeifurahia. Anayetangaza ushindi kwa kutazama namba ya katikati pekee amesoma nusu ya matokeo.

Tabibu_wa_Viungo aliandika tena:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimeelewa kwamba kijana wangu anafanana zaidi na washiriki wa KANON, na kwamba sina haki ya kumwahidi kwamba atakuwa miongoni mwa wale 36. Nimelipima tena goti leo: linanyooka hadi mwisho nikilisaidia kwa mkono, na halikwami. Nina swali moja dogo lililobaki. Ikiwa ataamua kupasuliwa, je, mazoezi ya sasa yatakuwa kazi bure?

Msomaji_wa_Tafiti alijibu:

Hapana, ndugu yangu, hayatakuwa kazi bure hata kidogo. Goti linaloingia chumba cha upasuaji likiwa halina uvimbe, linanyooka kikamilifu na lina msuli wa paja ulioamka lina mwanzo mzuri kuliko lile linaloingia likiwa limekakamaa. Kwa hiyo kazi ya wiki hizi ni ileile kwa njia zote mbili, nawe huna sababu ya kumharakisha aamue keshokutwa. Mfundishe kukaza msuli wa mbele ya paja hadi kile kisigino kiinuke bila goti kujikunja, ndipo uongeze uzito.

Mwambie pia mapema kuhusu kurudi uwanjani, kabla hajajipangia tarehe yake. Utafiti wa Delaware na Oslo wa mwaka 2016, uliowafuata watu 106 waliopandikizwa kano bila kuwagawanya kwa nasibu, ulikuta kwamba kila mwezi ambao kurudi michezoni kulicheleweshwa, hadi kufikia mwezi wa tisa, uliambatana na kupungua kwa majeraha mapya ya goti kwa asilimia 51. Kwa kuwa hapakuwa na mgawanyo wa nasibu, huenda waliosubiri walikuwa watu waangalifu zaidi kwa jumla, lakini ni ushahidi ambao singethubutu kuupuuza. Utafiti huohuo ulitazama pia kama nguvu ya msuli wa paja na uwezo wa kuruka kwa mguu mmoja vilikuwa vimefikia asilimia 90 ya mguu mzima, yaani ule usioumia. Kwa hiyo upime mguu wake mzima sasa hivi na uandike namba hizo kwenye faili, kwa sababu baada ya miezi kadhaa ya kupunguza shughuli nao utakuwa umedhoofika, na utajikuta unaulinganisha mguu mgonjwa na kipimo kilichoshuka.

Daktari_wa_Mifupa alijibu:

Naunga mkono. Umlete kwangu au kwa daktari yeyote wa mifupa aliye karibu naye siku goti litakapoachia mara ya kwanza, wala msisubiri mara ya pili.