Mrejesho: kitalu cha miche ya mboga cha shehia yetu, Wete

Assalaam aleikum. Nilipoomba ushauri kuhusu kitalu chetu cha kugawana miche, shida ilikuwa kwamba miche ya nyanya na bilingani ililegea shingoni na kuanguka ingali michanga, nasi tulitaka kila nyumba ipate yake kabla ya mvua za vuli. Nawashukuru nyote mliojibu.

Tulisia mbegu kwa mistari yenye nafasi, tukamwagilia asubuhi tu na kuinua kivuli cha makuti ili upepo upite, na kinyausi, yaani huo ugonjwa wa miche kuanguka, kikapungua sana. Lililosaidia zaidi, kwa maoni yangu, ni kupunguza maji na kuondoa makuti kidogo kidogo katika wiki ya mwisho, kwani miche ilitoka mifupi, yenye shina nene lililoanza kupiga rangi ya zambarau, na ilipopandikizwa jioni haikusinyaa. Vifuu vya nazi tulivyojaribu kuoteshea miche havikutufaa: udongo wake ulikauka kabla ya adhuhuri.

Jirani mmoja alipanda nyanya kwenye tuta lililonyauka msimu uliopita, zikanyauka tena zingali kijani, kwa sababu bakteria wa mnyauko hukaa udongoni muda mrefu. Sasa tumempa mbegu za mchicha.

Zamu za kumwagilia ndizo zilizolegalega, na waliochukua miche mingi (ajabu!) ndio walioonekana kwa nadra. Msimu ujao, atakaye miche ataleta kwanza polo la samadi.