Ufa unarudi pale jipsamu inapokutana na plaiwudi

Mama_Tudor
Salaam aleikum mafundi. Niko Tudor, Mombasa, ghorofani. Tuligawa chumba kwa bodi za jipsamu. Nyuma ya TV fundi akaweka plaiwudi ili ishike vyuma, na upande wa bafu akatia bodi ya simenti. Akapaka rangi nyeupe, ukawa ukuta mmoja. Masika yalipoingia ukatokea ufa kati ya plaiwudi na jipsamu, umenyooka kama wa rula, dari mpaka chini. Akaujaza filla, akapiga msasa, akapaka. Umerudi. Kwenye bodi ya simenti naona alama nyembamba tu. Nitumie tepu gani, au nibomoe?

Fundi_Kisauni
Waaleikum salaam dada. Usibomoe. Lakini hapo kwa plaiwudi tepu haitakusaidia, hata ukibandika ya dhahabu. Mbao hunywa unyevu wa masika ikafura, kaskazi ya kiangazi ikija husinyaa. Jipsamu haichezi hivyo. Filla ikikauka ni ngumu, haivutiki, basi lazima ipasuke.

Kwaruza mstari wote kwa kisu mpaka uone kingo za bodi, uache mwanya wa kama milimita 3. Jaza silanti ya akriliki, ile ya kubana kwa bunduki, ulainishe kwa kidole kilicholowa. Silikoni ya kawaida usiitie, haishiki rangi. Kama hutaki kuuona mstari kabisa, funika kwa ubao mwembamba, misumari upande wa plaiwudi peke yake. Ukipigilia pande zote mbili, bodi zikivutana ubao ndio utakaopasuka.

Kule kwa simenti ni habari nyingine, hapo tepu inafaa. Kwanza bonyeza kwa kiganja pande zote mbili za kiungio. Upande mmoja ukibonyea, nyuma hakuna chuma wala mbao ya kuushika. Mwambie atie, afunge skrubu, ndipo mzungumze habari ya filla. Halafu tepu ya nyavu isiyoliwa na simenti, na koti la kwanza liwe filla ya unga inayoganda yenyewe. Ile ya ndoo, iliyokwisha kukorogwa, ni ya makoti ya juu. Pangusa vumbi na upake praima, ile rangi ya msingi, kwenye bodi ya simenti kwanza, maana hufyonza maji ya filla kabla haijashika. Bodi zikipishana unene, tandaza filla mbali, hata sentimita 30, jicho lisione mteremko.

Bahari_Likoni
Mimi ningefunika plaiwudi yote kwa jipsamu ya milimita 9. Kwisha maneno.

Fundi_Kisauni
@Bahari_Likoni sawa, mradi viungio vya bodi mpya visiangukie juu ya vile vya zamani. Ila vyuma vya TV vishafungwa, na soketi itabidi ivutwe mbele. Aamue mwenye nyumba.

Mama_Tudor
Shukran. Alama ya bafu inaingia mpaka ndani, kwenye vigae vya shawa. Huko pia filla?

Fundi_Kisauni
La! Filla ya jipsamu hulainika ikilowa. Ndani ya shawa ni tepu hiyohiyo na gundi ya vigae. Na vigae vikifunguliwa, tazama skrubu. Zikiwa zile nyeusi za jipsamu, zibadilishwe. Unyevu wa bafu na hewa ya chumvi huzila upesi.