MREJESHO: Niliyeuliza niuze shamba nilipe bili ya mama
Wakuu, mnakumbuka niliuliza kama niuze kipande cha shamba tulipe bili ya upasuaji wa mama? Sikuuza. Yule aliyesema nikaongee na wahasibu wa hospitali kwanza ubarikiwe sana, nilienda na daftari langu la mavuno limejaa madoa ya udongo, wakakubali tulipe kwa awamu, ile kubwa baada ya kuvuna. Mama anatembea sasa, polepole lakini anatembea. Ila msiniulize maendeleo, mbegu nimechukua kwa mkopo so nusu ya magunia yana mwenyewe tayari na bado hayajatoka shambani, dogo naye ada imesogezwa. Bima nimekata juzi (najua, mtasema nimechelewa). Kinachotutafuna saa hizi ni dawa za kila mwezi na nauli ya kliniki.