Mrejesho: hadithi ya lava imeanza kutoka

Nilikuwa nimewaomba shauri: kila nikifungua daftari niandike juu ya volkano ya Nyiragongo, karibu na Goma huko Kongo, ilivyolipuka Januari 2002, mkono unaganda kwenye sentensi ya kwanza. Wengi mlisema niandike ovyo tu. Kwangu halikusaidia kitu. Aliyesema nianzie katikati ndiye aliyenifungua, aksanti sana yaya! Niliuacha mlima, nikaanza na mama kule Birere, mtaa wa Goma, anabishana bei na mwenye chukudu (kigari cha mbao cha kubebea mizigo), godoro kichwani, huku lava inaingia mjini (watu wa Goma tunajulikana). Kurasa zikafuatana. Sasa namrekodi mama kwa simu akitwanga sombe (majani ya muhogo), kisha naandika alivyosema. Mwanzo bado sina. Nimeuruka, kwenye hadithi tuko mpakani tunavuka kwenda Gisenyi, Rwanda.