Ada za posa: tuziandikie kiwango au tuziache zilivyo?

Mshenga wa Ujiji (mwenye mada)

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mwezi uliopita nilikuwa mshenga hapahapa Ujiji. Tumeketi mkekani, kahawa imezunguka, ikasomwa karatasi: kufungua barua, mkaja wa mama, kilemba cha baba, kitu cha bibi, kitu cha wajomba, kila kimoja na tarakimu zake. Mdogo wake bwana harusi, niliyekuja naye kubeba begi, akaninong'oneza: "Mbona kama bei?" Mzee mmoja akamsikia. "Hii siyo bei, ni ada." Kijana akauliza, tena bila ubaya: "Ada kama ya shule?" Watu wakacheka. Mzee hakucheka.

Sasa wapo wanaotaka kikao cha mtaa kiandike kiwango kimoja cha ada za posa, kila nyumba ikifuate. Mimi napinga, na sababu yangu inaanzia kwenye neno lenyewe.

Ada ni neno la Kiarabu. Ni jambo linalorudiwa mpaka likazoeleka. Mzizi wake una maana ya kurudi, na wanazuoni wa Kiarabu wameliweka neno Idi kwenye mzizi huohuo: siku irudiyo kila mwaka. Wahenga wetu walilijua hivyo. "Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo." Hapo nani anamlipa nani? Mpaka leo tunasema "kama ilivyo ada" na hakuna anayeshika mfuko.

Neno hili limesafiri kuliko meli ya Liemba. Wamalay na Waindonesia wanasema adat, Waturuki âdet, Wabosnia adet. India na Pakistani nako lipo, ila kule ni zaidi mazoea ya mtu mwenyewe, kama yule asiyeacha sigara. Hiyo t ya mwisho Mwarabu akisimama kwenye neno haitamki. Waajemi waliibakiza, na waliolipata neno kupitia kwao wakaibeba. Sisi tulilisikia pwani kwenye midomo ya Waarabu wenyewe, ndiyo maana tuna ada, nia na rehema, na Wamalay wana adat, niat na rahmat.

Lakini angalieni lilikofikia. Waosmani, yaani Waturuki wa enzi za masultani, walikuwa na kodi ya mifugo iliyoitwa âdet-i ağnam, yaani ada ya kondoo. Waromania walilichukua kwao, na katika lugha yao ya zamani adet ni desturi, na ni kodi vilevile. Waingereza hawakugusa Kiarabu, ila jina lao la ushuru wa forodhani limetoka kwenye neno lao la desturi. Yaani kila mahali ni safari moja: kwanza tumezoea kutoa, kisha lazima utoe, mwisho unapewa risiti.

Na sisi wa njia hii tuna hongo. Misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora kuja Ujiji ililipa hongo kwa watemi ili ipite, na lilikuwa jambo la mchana kweupe. Stanley mwaka 1871 aliteswa na hongo za Uha mpaka akaamua kupita usiku kwa kujificha, kabla hajamkuta Livingstone hapa kwetu. Leo litaje neno hilo mbele ya ofisi yoyote uone watakavyokuangalia.

Waholanzi walipotawala Indonesia waliziandika adat za watu. Msomi wao Snouck Hurgronje ndiye aliyezipa jina la sheria ya adat mwaka 1893, na van Vollenhoven, profesa wa chuo cha Leiden, akaigawa nchi katika maeneo 19, kila eneo na adat yake. Wapo wanaosema alizilinda zisifutwe na sheria za Ulaya, nami sibishi. Ila jambo ambalo wazee walikuwa wakilijadili na kulilegeza kulingana na mtu aliyekaa mbele yao, likawa kifungu. Nasi mwaka 1963 serikali iliandika sheria za mila, na hadi leo kuna wajane wanaohangaika na mistari ile kuhusu urithi. Ukiandika namba, mjomba mwenye huruma hana tena pa kupunguzia.

Kijana wa Gungu

Mzee wangu, tatizo ni hilo neno la kuletwa. Sisi Waha tuna mila na desturi zetu. Tuziache ada za Waarabu, turudi kwenye mila.

Mwalimu, Katubuka

Mwanangu, mila ni Kiarabu. Desturi ni Kiajemi. Kawaida, jadi, asili, utamaduni, vyote Kiarabu, na mahari pia. Ukitaka Kibantu kitupu utabaki na mwiko na mazoea, na posa haiendeshwi kwa mwiko. Na kwa wanaotaka kuuliza: adabu na ada si ndugu, zinafanana sura tu.

Dada wa Kibirizi

Kaka mshenga, nimesoma mpaka Uturuki nikarudi. Sasa nikuulize la hapa ziwani. Kaka yangu ni mvuvi. Anaishi na mwenzake mwaka wa nne, watoto wawili, na kila akienda ukweni na kilichomo karatasini anakuta kimeongezeka kingine. Karatasi ya kwanza haikuwa na kitu cha wajomba. Huyo mjomba mwenye huruma unayemsema sisi hatujakutana naye.

Tena Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 41, inasema ndoa haibatiliki kwa sababu mahari au zawadi za kimila hazikutolewa. Kwa hiyo kisheria ndoa inasimama hata bila ada. Lakini nenda kaozeshwe bila hizo ada uone nani atakuja kukaa mkekani. Kiwango kingemwambia kaka yangu mwisho uko wapi. Shuleni ada ilipofutwa kuanzia 2016 tulijua imefutwa; kinachotusumbua ni michango isiyo na orodha.

Baba wa mabinti watatu, Mwanga

Karatasi ipingeni mnavyotaka. Mkaja wa mke wangu msiuguse.

Mshenga wa Ujiji (mwenye mada)

Dada, hapo kwenye michango umenibana, na sitajifanya sikusikia. Huyo kaka yako angekuwa na mshenga anayejua kazi, karatasi ya pili isingefunguliwa. Lakini najua washenga wa siku hizi wengine wanakula pande zote mbili.

Basi nitasogea hatua moja. Kiwango cha mtaa bado sikitaki, kwa kuwa nyumba ya mvuvi na ya mfanyabiashara zitapimwa kwa kibaba kimoja, na kiwango cha juu kitakuwa ndicho cha chini kabla mwaka haujaisha. Ila karatasi isomwe mara moja, mbele ya pande zote, na ikifungwa imefungwa. Hilo kikao kinaweza kulisimamia bila kuandika shilingi hata moja.

Jumamosi napeleka posa nyingine Kasulu. Nimeshawatumia salamu wajomba: wataje vitu, wasitaje namba. Wamenijibu wataongea na bibi. Kwa kaka yako, dada, kama mmechoka na mshenga wenu, mimi napatikana baada ya swala ya alasiri.